Dakika Tatu za Kila Mtu

Verna Tjaden alikuwa karani wa baraza la mji wa Dornick kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusema neno lake mwenyewe kikaoni. Alisoma ajenda, akaita majina, akaandika nani kapendekeza na nani kaunga mkono. Akipiga chafya aliomba radhi kwa macho. Watu wa Dornick, mji wa watu elfu tisa katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, walikuwa wamemzoea pale mezani kama walivyoizoea bendera iliyosimama nyuma yake, na wengi hawakujua sauti yake ikoje ikitoka nje ya neno "anayefuata".

Kila Jumatatu ya pili ya mwezi, saa kumi na mbili jioni, kabla madiwani hawajaanza shughuli zao, yeyote aliyejiandikisha alipewa dakika tatu mbele ya kipaza sauti. Verna ndiye aliyetunza orodha, na ndiye aliyetunza kisanduku chenye taa tatu: kijani ukianza, njano ikibaki nusu dakika, nyekundu umekwisha. Kisanduku kile hakikumjua mkubwa wala mdogo. Mkulima mwenye mtaro ulioziba, mama aliyetaka paka wa jirani wafungiwe, mzee mmoja aliyeamini kwamba mji unatia dawa ya usingizi katika maji ya bomba, wote walipimiwa kipimo kimoja. Verna aliipenda haki hiyo ndogo. Wengine wana kanisa. Yeye alikuwa na kanisa na kisanduku.

Halafu akaja Lyle Voss.

Lyle hakuwa mgeni. Nyumba yake ilipakana na ya Verna, na tangu Merle, mume wa Verna, alipofariki, Lyle ndiye aliyemwondolea theluji mlangoni kwa trekta lake dogo, bila kuombwa na bila kungoja asante. Alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha nyama ya nguruwe, enzi zile mshahara wa kiwanda ulipoweza kujenga nyumba na kununua boti. Kiwanda kilipouzwa, mishahara ikashushwa, chama cha wafanyakazi kikavunjwa, Lyle akastaafishwa. Waliochukua nafasi zile walikuwa Wakareni, watu waliokimbia vita vya Burma, wakakaa makambini Tailandi miaka na miaka, hata wakaletwa Marekani na kuambiwa kuna kazi Iowa. Katika hesabu ya Lyle, mwenye kiwanda hakuwa na kosa. Wenye kosa walikuwa wao.

Mwezi wa Februari alijiandikisha wa kwanza. Akataja jina lake na mtaa wake kama inavyotakiwa, akashika pande zote mbili za meza, akasema kwamba mji umeingiwa na chawa. Alisema wanakula panya. Alisema wanaleta kifua kikuu, kwamba watoto wao wanawachafua watoto wa mji shuleni, na kwamba chawa habembelezwi, huchanwa kichwani akatupwa motoni. Taa ilipogeuka nyekundu alinyamaza katikati ya sentensi, akakunja karatasi yake, akamtikisia Verna kichwa kwa adabu kama jirani anavyofanya.

Ukumbini hakuna aliyekohoa.

"Anayefuata," alisema Verna.

Machi alikuja tena. Aprili pia. Kila mara dakika tatu, hakuzidisha hata moja. Na Verna aliporudi ofisini kuandika kumbukumbu za kikao, aliandika kila mara mstari mmoja: *Bw. L. Voss alizungumzia wahamiaji.*

Mwishoni mwa Aprili aliingia ofisini mwanamke mfupi, mwenye koti la kiwanda na daftari la shule mkononi. Akaomba kumbukumbu za vikao. Verna alimfahamu kwa sura tu. Alikuwa akimwona sokoni Jumamosi akiuza mchicha na pilipili. Jina lake Mu Paw. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa uraia, na mwalimu wake alimwambia asome karatasi za baraza ili azoee lugha ya serikali.

Alisoma kwa kidole, akiwa amekaa kwenye benchi kando ya mlango. Baada ya robo saa akasimama, akaja kwenye kaunta.

"Shangazi, samahani. Hapa umeandika huyu bwana 'alizungumzia wahamiaji'."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwepo. Nilikaa nyuma kabisa. Hakusema hivyo. Alisema sisi ni chawa."

Verna alinyoosha ukingo wa karatasi kwa kidole. "Kumbukumbu zinaandikwa kwa ufupi, mama. Ndivyo ilivyo siku zote."

"Ufupi wa nani?"

"Wa karani."

Mu Paw alilitazama daftari lake. "Mwanangu ana miaka minane," akasema. "Shuleni wenzake wanamwambia usikae hapa, utatutia chawa. Nikienda kwa mwalimu, mwalimu ananiuliza, hayo maneno yametoka wapi? Nikisema yametoka kwenye baraza la mji, atataka karatasi. Karatasi yenyewe ndiyo hii." Akaigeuza ile kumbukumbu ikamwelekea Verna. "Hapa mji wenu ni msafi sana."

Hakusema kwa ukali. Alishukuru, akaondoka, kengele ya mlango ikalia nyuma yake. Verna alikaa akiitazama ile karatasi. Alitaka kumwita amweleze kwamba aliandika vile kwa heshima, ili maneno machafu yasibaki katika vitabu vya mji. Lakini mwanamke alikuwa keshavuka barabara, na Verna hakuwa na hakika tena heshima ile ilikuwa ya nani.

Mwezi wa Mei meya, Rod Huisman, alikuja na dawa yake. Huisman aliuza matrekta; alikuwa mtu mkunjufu asiyependa ugomvi, na ugomvi ulikuwa umemfikia mlangoni. Mchungaji wa Kilutheri alikuwa amemwandikia, na mkuu wa shule pia. Wakareni kumi na wawili walikuja kumwona wakiwa wamevaa mavazi yao ya kufuma ya kanisani, Mu Paw akawa mkalimani, wakamwomba ulinzi. Basi meya akapendekeza kanuni: katika dakika za wananchi, ni marufuku kutoa maneno ya kumtusi au kumdhalilisha mtu yeyote au kundi lolote. Mwenyekiti wa kikao ataamua, na karani atazima kipaza sauti.

Mwanasheria wa mji, Adele Kunkel, ambaye alikuja siku za vikao tu kutoka makao ya kaunti, alivua miwani.

"Rod, nakuonya mapema. Mahakama za nchi hii zimeshasema tena na tena: serikali haiwezi kumnyamazisha mtu kwa sababu maneno yake yanachukiza. Akitishia kumuua mtu, hilo jingine. Akivuruga kikao, hilo jingine. Lakini chuki tupu, akiwa ndani ya dakika zake, Katiba inailinda."

"Inailinda chuki," alisema meya. "Na wanaochukiwa wanalindwa na nini?"

"Hilo ndilo swali, na sina jibu zuri."

"Ujerumani, Lyle angekuwa keshafikishwa mahakamani kwa maneno yale."

"Ujerumani, ndiyo. Wana sababu zao, na sisemi ni wajinga. Lakini hapa si Ujerumani, na Lyle akikushtaki atashinda."

"Akinishtaki tutaonana huko huko. Siwezi kukaa pale nikamsikiliza tena, Adele. Mke wangu amekataa kunipikia."

Kanuni ikapita kwa kura zote tano. Mu Paw alikuwa nyuma ukumbini, na Verna alimwona akifuta macho. Siku ya pili fundi alikuja akafunga kitufe chini ya meza ya karani, mahali ambapo goti la Verna lilikuwa likipumzika.

Juni, Lyle alikuja na karatasi mpya. Alikuwa amenyoa, amevaa tai. Hakusema chawa wala panya. Alisema yeye ni mlipa kodi mwenye maswali. Je, baraza lina takwimu za kifua kikuu kabla na baada ya mwaka fulani? Je, mbwa wangapi wamepotea katika mitaa ya kusini, na kuna aliyeuliza wamekwenda wapi? Kila swali alilisoma polepole, na baada ya kila swali alinyamaza kidogo, na kila aliyekuwa ukumbini alisikia kilichokuwa kinasemwa ndani ya ule ukimya. Goti la Verna lilikuwa karibu na kitufe. Alimtazama meya. Meya alimtazama mwanasheria. Mwanasheria akainua mabega: mtu anauliza tu.

Taa nyekundu ikawaka. Lyle akatabasamu, akarudi kukaa.

"Anayefuata," alisema Verna, akasoma jina. "Mu Paw."

Ilikuwa mara yake ya kwanza mbele ya kipaza sauti, na kilikuwa kirefu kumzidi. Alikishusha kwa mikono miwili. Akataja jina na mtaa. Kisha akasema hakuja kwa ajili ya Bwana Voss. Alikuja kwa ajili ya mashine namba sita ya kiwandani. Mume wake, Ler Wah, alipoteza vidole viwili kwenye mashine hiyo mwezi uliopita, na kabla yake mwanamke mwingine alipoteza kimoja. Walimwomba meneja aweke kinga ya visu. Meneja alisema imeshawekwa. Mkaguzi naye aliambiwa hivyohivyo.

"Haijawekwa," alisema Mu Paw. "Meneja ni mwongo. Anajua visu vinakata watu, na anadanganya, kwa sababu vidole vyetu ni rahisi kuliko..."

"Mama, samahani," meya alimkatiza. Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu. Kiwanda kilikuwa nusu ya maisha ya mji, na meneja alikuwa amekaa safu ya tatu, mikono kifuani. "Hayo ni matusi kwa mtu binafsi. Kanuni yetu hairuhusu. Ni kanuni mliyoiomba wenyewe."

"Si matusi. Ni kweli."

"Hatuwezi kuiacha kwa mmoja tukaikaza kwa mwingine. Verna, zima."

Kuna kazi ambazo mkono huzifanya kabla roho haijaulizwa. Verna alibonyeza. Midomo ya Mu Paw iliendelea kidogo, bila sauti, kisha ikasimama. Kwenye kisanduku taa ilikuwa bado ya kijani. Ilibaki dakika moja na sekunde arobaini.

Mu Paw hakumtazama meya. Alimtazama Verna, kwa kitambo tu. Akakirudisha kipaza sauti juu, mahali alipokikuta, akatoka.

Wavu ulionuiwa papa ukawa umenasa dagaa, na aliyeuvuta ni Verna.

Jumamosi ile Verna alioka pai ya tufaha, akaenda nayo mitaa ya kusini. Hakuwahi kuingia nyumba ya Mkareni hata moja, ingawa aliziandikia zote bili za maji. Mu Paw alimfungulia, akaitazama ile pai, akamkaribisha jikoni. Ler Wah alikuwa mezani, mkono wa kushoto umefungwa bandeji, anachambua majani ya rosela kwa mkono wa kulia.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema Verna.

"Wewe ulitumwa," Mu Paw alisema.

"Nilitumwa, ndiyo. Lakini kidole ni changu."

Ler Wah alisema kitu kwa Kikareni, Mu Paw akacheka bila kutaka. "Anasema angalau wewe bado unacho."

Wakampa wali na samaki wa kuchacha na pilipili iliyomtoa Verna machozi, wakamtazama akila kwa udadisi kidogo, naye akamaliza sahani. Kisha Verna akauliza swali alilolibeba wiki nzima: kama sasa wanataka kanuni ile iondolewe.

Mu Paw aliifunika sufuria ya wali.

"Kijijini kwetu kulikuwa na mwalimu," akasema. "Aliandika karatasi moja tu, kuhusu askari waliochukua mchele wa watu. Wakamchukua na yeye. Hatukumwona tena. Huko ndiko kufungwa mdomo. Halafu redio yao ikatuita wadudu, mwaka mzima, asubuhi na jioni, na baada ya redio wakaja wenyewe na viberiti. Huko ndiko kuachiwa mdomo. Mimi nimeyaona yote mawili, Shangazi. Watu wa hapa wanajadiliana kana kwamba mtu anachagua chai au kahawa."

"Mimi bado nataka yule mzee afungwe mdomo," alisema Ler Wah kwa Kiingereza chake cha kupima. "Uongo ukirudiwa kila mwezi, mtoto anadhani ni wimbo."

"Na kitufe akishike nani?" mkewe akamuuliza.

"Mimi."

"Wewe ungemkata kila mtu. Ungenikata hata mimi."

"Wewe wa kwanza kabisa," alisema Ler Wah, na mezani pakawa pepesi kidogo.

Mu Paw alimsindikiza Verna hadi kwenye gari. "Nilifurahi walipopitisha ile kanuni," alisema. "Nililia. Nilidhani wametuwekea ukuta. Kumbe wameweka mlango, na ufunguo hatuna sisi." Akamrudishia sahani ya pai, ambayo alikuwa ameijaza pilipili mbichi. "Lakini usidhani kwamba ukiuondoa mlango basi yamekwisha. Mtu akituita chawa mbele ya watu mia na wote wakanyamaza, mimi siogopi yule mmoja. Nawaogopa wale mia."

Verna aliendesha gari hadi nyumbani kwa mwendo wa maziko.

Kabla ya kikao cha Julai, barua mbili zilifika ofisini. Ya kwanza ilitoka kwa wakili wa Lyle, ikitishia kesi kanuni isipofutwa. Ya pili iliandikwa na Mu Paw kwa mkono, nusu ukurasa, ikiomba mjadala juu ya kanuni. Mwanasheria Adele alimwambia meya kwamba hajawahi kuona simba na paa wakinywea bwawa moja namna hiyo, na kwamba akubali. Ikawekwa kwenye ajenda.

Jioni ile ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Verna aliita jina la kwanza, la pili, la tatu. Lyle alisema Katiba ni yake na hatanyang'anywa. Alisema mengi mengine pia. Alipomaliza, Verna alitazama orodha, akasoma jina lililofuata.

"Verna Tjaden."

Watu waligeuka kumtafuta huyo Verna Tjaden mwingine. Verna akasimama. Akawasha taa ya kijani kwa mkono wake, akazunguka meza, akaenda mbele ya kipaza sauti, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Kutoka pale madiwani walionekana wadogo.

"Verna," meya alisema polepole, "una hakika?"

"Nimejiandikisha." Akakisogelea kipaza sauti. "Naitwa Verna Tjaden, nakaa Mtaa wa Nne, namba mia mbili na kumi."

Watu wakacheka kidogo. Nani asiyeijua nyumba yake?

"Mwezi uliopita nilizima kipaza sauti wakati Mu Paw anazungumza. Alibakiwa na dakika moja na sekunde arobaini. Naomba baraza limrudishie, maana ni zake. Hilo la kwanza." Akageuka kumtafuta Lyle kwa macho. "La pili ni kwako, Lyle. Wewe ni jirani yangu. Umeniondolea theluji miaka sita na sijakuandalia hata kahawa, na hilo ni kosa langu. Lakini unayosema juu ya watu hawa ni uongo, tena ni uovu, na mimi nimekaa pale nikiyaandika kana kwamba umezungumzia mvua. Nilidhani kunyamaza ndiyo haki. Haki ilikuwa kukuachia dakika zako tatu. Kunyamaza kulikuwa woga wangu. Katiba haikuniagiza niogope."

Lyle alikuwa akitazama viatu vyake. Taa ikawa ya njano; Verna aliiona kwa pembe ya jicho.

"Sitaki kile kitufe. Kikibaki, kesho atakuja meya mwingine aniambie nimzime mwingine, na mimi nimeshajijua, nitabonyeza. Ila msiniambie kwamba tukikiondoa basi tumetimiza wajibu. Mtoto wa miaka minane anafukuzwa kwenye benchi kwa maneno yaliyotoka humu. Basi na maneno ya kumtetea yatoke humu pia, yamfuate. Na kuanzia leo naandika neno kwa neno. Ya Lyle, ya Mu Paw, ya..."

Nyekundu.

Verna aliiangalia ile taa, akafunga mdomo. "Muda umekwisha," akajiambia mwenyewe kwenye kipaza sauti, akarudi kwenye kiti chake. Jina lililofuata alilisoma mara mbili.

Baada yake alisimama mwalimu wa darasa la tatu ambaye hakuwa amejiandaa. Kisha muuza mbegu. Kisha kijana wa benki. Hawakuwa wasemaji, wengine walitumia nusu dakika tu, wakisema hawakubaliani na Lyle na wanaona aibu kukawia kusema. Mzee wa maji ya bomba naye alisimama, akasema Wakareni ni watu safi, wanaodhurika na dawa ya usingizi kama wengine wote.

Kanuni ikafutwa kwa kura nne dhidi ya moja. Diwani aliyekataa alisema anajua sheria inavyosema, lakini moyo wake haukubali kwamba mji hauna namna yoyote ya kuwakinga watu wake wakitukanwa ndani ya nyumba ya mji. Verna aliyaandika hayo neno kwa neno, na alipokuwa anaandika aliona kwamba mtu yule hakuwa mjinga.

Mu Paw akarudishiwa dakika yake na sekunde arobaini. Alikuja mbele, akasema sentensi ileile tangu mwanzo, safari hii akaifikisha mwisho. Mwandishi wa gazeti la kaunti alikuwepo. Wiki tatu baadaye alikuja mkaguzi wa jimbo bila kutoa taarifa, akafunga mashine namba sita kwa siku mbili, na ilipofunguliwa ilikuwa na kinga. Meneja alihamishwa. Vidole vya Ler Wah, bila shaka, havikurudi.

Kumbukumbu za Julai zilitoka, kurasa kumi na tisa. Agosti mapema Lyle aliingia ofisini akiwa nazo mkononi.

"Hivi ndivyo nilivyosema?"

"Kanda ya sauti ya kikao ipo, ukitaka kusikiliza."

Hakutaka. Alisimama akiigeuzageuza karatasi. "Binti yangu amesoma. Yule wa Minneapolis. Akanipigia simu."

"Alisemaje?"

"Hakusema mengi. Ndilo lililokuwa baya." Akaweka kidole juu ya mstari mmoja. "Hapa huwezi kupunguza kidogo?"

Mtu mwenye huruma nyepesi angepunguza papo hapo. Verna alimtazama jirani yake, mikono ile iliyochakaa kwa miaka thelathini ya visu, na akamwonea huruma kweli.

"Siwezi, Lyle. Lakini Jumatatu ya pili ukijiandikisha, ukasema kwamba ulikosea, nitaliandika hilo nalo. Herufi kwa herufi."

Alikunja karatasi, akaondoka. Hakuja kusema kwamba alikosea. Alikuja Septemba akasema habari za mipaka ya nchi na kodi, maneno makali lakini bila chawa, na Oktoba hakuja. Theluji ilipoanza, trekta lake lilipita mbele ya nyumba ya Verna bila kugeuka. Iliuma. Verna alinunua koleo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Mu Paw alikula kiapo cha uraia. Alisimulia kwamba mtahini alimwomba ataje haki moja inayolindwa na marekebisho ya kwanza ya Katiba, naye akamwambia, "Kusema, bwana, na ningeweza kukueleza zaidi ila utachelewa chakula cha mchana." Agosti akaja kwenye kaunta ya Verna kuchukua fomu ya kugombea udiwani wa kata ya kusini.

"Weka sahihi yako hapa kati ya wadhamini wangu, Shangazi."

"Mimi ndiye ninayezipokea, siruhusiwi kusaini. Chukua kalamu yangu, hiyo naruhusiwa." Kisha, kwa kuwa ni habari ya wazi kwa kila mtu, akamwambia: "Lyle alichukua fomu jana. Kata hiyohiyo, maana mtaa wetu nao umo humo."

Mu Paw alifikiri. "Vizuri," akasema. "Sasa tutawahesabu walio upande wake."

Kampeni ilikuwa ya kugonga milango. Lyle aligonga ya kwake akisema yake. Mu Paw alizunguka na daftari lake akiuliza habari za mitaro na taa za barabarani. Wa tatu alikuwa yule muuza mbegu, mtu aliyependwa na kila mtu na aliyekuwa binamu wa nusu ya kata. Novemba, siku ya kura, Verna alijumlisha matokeo kwenye karatasi mbele ya mashahidi, akayabandika mlangoni, kisha akampigia Mu Paw simu.

"Lyle amepata arobaini na nne," alisema.

Mu Paw alikuwa ameishi miaka miwili akidhani wanaomfuata Lyle ni nusu ya mji. "Arobaini na nne tu?"

"Tu. Muuza mbegu mia mbili na tatu. Wewe mia moja na themanini na nne. Pole, mama."

"Ngoja." Verna alimsikia akimtafsiria Ler Wah, na watu wengi nyuma wakizungumza kwa pamoja, na sahani zikigongana. Kisha sauti ikarudi, na haikuwa sauti ya mtu aliyeshindwa. "Ni kumi na tisa walionizidi."

"Kumi na tisa."

"Hao wanaenea kwenye mtaa mmoja, Shangazi. Bado miaka miwili hadi kura nyingine. Nitawaendea nyumba kwa nyumba."